Pamba imekuwa nyekundu, niweke yuria?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko huku Kasese, Uganda, na eka mbili za pamba, imeanza kutoa maua na sehemu kubwa iko poa kabisa, ila kule chini karibu na mtaro majani yamekuwa mekundu. Mwenye duka la dawa anasema nimwage yuria gunia zima kila eka, hata kwa mkopo ananipa. Ama nipime udongo kwanza? Na unapimwa wapi?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Huyo anauza yuria, ulitaka akwambie nini?

Pamba huwa nyekundu kwa mambo mengi, kwa hiyo anza kwa kugeuza jani. Ukiona vidudu vya kijani vinakimbia upandeupande kama kaa, na kingo za jani zimejikunja kwenda chini, hao ndio wanaofyonza na mbolea haiwatoi. Kama vidudu hakuna lakini majani ya chini ni mekundu huku mishipa yake bado kijani, hapo nashuku magnesiamu, na yuria haina magnesiamu, ina naitrojeni tu, kilo 23 kwa gunia la kilo 50. Halafu chimba pale mtaroni uone, maji yakituama mizizi inakosa hewa na pamba haili hata uimwagie nini. Naitrojeni nyingi saa hizi itakuletea majani tu, vitumba vichelewe kupasuka.

Sasa vipimo. Wakati huu wa maua pima vikonyo vya majani, yaani vile vijiti vinavyoshika jani kwenye shina, maana udongo utakwambia kuna nini ardhini ila kikonyo kinasema mmea wenyewe umekula nini. Kwenye shina kuu hesabu kutoka juu, chukua jani la nne au la tano, kata kikonyo utupe jani hapohapo, fanya hivyo kwa mimea kama 30. Weka kwenye bahasha ya karatasi, sio kavera (mfuko wa plastiki), kavera itaviozesha. Upande mzuri bahasha yake na upande mbaya yake, siku ileile, maana bila huo mzuri wa kulinganisha utabaki unabahatisha.

Udongo usubiri umalize kuvuna. Pita zigizaga sehemu 15 hivi, kina cha sentimita 20, ruka vichuguu na mahali ng'ombe walilala au ulichoma takataka, changanya kwenye ndoo safi (sio ile ya mbolea jamani!), anika kivulini, peleka nusu kilo. Hapa pia pande mbili usizichanganye. Maabara ya udongo iko Kawanda, karibu na Kampala, na Chuo Kikuu cha Makerere pia wanapima. Majibu yakija angalia pH kwanza, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ikiwa chini ya 5.5 udongo unaifunga fosforasi mmea usiipate, basi hela ya DAP, ile mbolea ya fosforasi, anza kuiweka kwenye chokaa ya kupunguza tindikali.

Na msimu ujao ukiweka mbolea yoyote, acha mistari miwili mitatu bila kitu, uone kama kuna tofauti.