Shangazi, watoto wa jirani hawapigwi ila wanaona kila kitu

SWALI: Shkamoo shangazi. Nimepanga hapa Kirumba, nauza dagaa Mwaloni. Chumba cha pili baba akirudi usiku anampiga mkewe mpaka anadondoka, watoto wanaangalia, wa kike ana miaka 9 ameanza tena kukojoa kitandani na mdogo wa miaka 5 akisikia tu mlango anaingia uvunguni. Mjumbe kaniambia watoto hawajaguswa, mambo ya ndoa tuwaachie wenyewe. Kweli sheria haiwahusu? Na nikisema si watachukuliwa?

JIBU: Marahaba mwanangu, umefanya vizuri kuuliza. Mjumbe amekosea sana. Sheria ya Mtoto ya 2009 ikiongelea ukatili kwa mtoto haimaanishi fimbo tu, imetaja na madhara ya kihisia, sasa mtoto wa miaka 9 kurudia kukojoa kitandani kwa hofu kama sio madhara ni nini? Na hiyo "mambo ya ndoa" haina pa kusimama, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 imekataza kabisa mtu kumchapa mwenzi wake.

Wala wewe sio mmbea. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa akijua haki za mtoto zinavunjwa, kwahiyo mjumbe akikataa panda kwa mtendaji au nenda kwa afisa ustawi wa jamii, na usiku kukichafuka kimbilia polisi, kuna Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Kuchukuliwa watoto ndio hofu inayofunga watu midomo. Ustawi wanaanza kwa kuchunguza na kukaa na wazazi, na mahakama inaweza kuamuru watoto wabaki hapohapo nyumbani afisa awe anawafuatilia, sio lazima wapelekwe kituo cha kulelea watoto. Mama akiamua kuondoka anaomba kukaa nao, mahakama inatanguliza maslahi ya mtoto, na kwa yule wa chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kuona kwa mama ndio kunafaa ingawa baba anaweza kupinga, ila matunzo hayakwepi.

Kwanza ongea na mama mwenyewe, asubuhi mume akishatoka, mwambie akiumizwa apite polisi achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ndio aende hospitali, na hapa Mwanza shirika la Kivulini wanasaidia wanawake wa namna yake. Asipokuwa tayari bado taarifa ya watoto ipeleke wewe mwanangu, wao hawawezi kwenda wenyewe.