Jibu: Mama anaishi peke yake London na hawezi tena kuingia kwenye bafu

Salaam, dada, na unifikishie shikamoo kwa mama. Umeuliza kama mama, mwenye miaka 78 na anayeishi peke yake, atalazimika kuhamia makao ya wazee kwa kuwa hawezi tena kuingia kwenye bafu. Sioni hivyo. Kwanza hakikisha kama halmashauri ya mtaa wake imeshamfanyia tathmini ya mahitaji, ambayo ni haki yake chini ya Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 na hailipiwi hata kama ana akiba. Vishikio vya ukutani na marekebisho mengine madogo ambayo tathmini imeona anayahitaji, yasiyozidi pauni 1,000 kila moja, hufanywa bure.

Siku ya tathmini uwepo, kwa sababu wazazi wetu humwambia mgeni kuwa hawajambo na kumkaribisha chai, huku birika lenyewe wakilishika kwa mikono miwili inayotetemeka. Kwa mama mkwe wangu niliomba atazamwe akipanda ngazi badala ya kuulizwa tu.

Vilevile mwombee Attendance Allowance, yaani posho ya serikali kwa wazee wanaohitaji msaada wa kujihudumia, isiyoangalia kipato wala akiba, mradi awe amehitaji msaada kwa miezi 6. Kwenye fomu eleza siku zake ngumu, hasa usiku.