Programu ya seva ikigoma kuwaka baada ya umeme kukatika: kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaokuja kwenye ofisi za Mtwara na Lindi na vyeti vipya mkononi, kuna siku moja inawasubiri. Itakuwa Novemba, msimu wa korosho umepamba moto, na saa nane mchana umeme utakatika. UPS, ile betri ya akiba ya seva, italia mara mbili kisha itanyamaza, maana ilikufa zamani na hakuna aliyeijaribu. Umeme ukirudi, seva itawaka vizuri tu, ila programu ya kupokelea mzigo itagoma kufunguka. Wageni hushangaa: gesi si inatoka Mnazi Bay hapo hapo, umeme unakatikaje? Radi ikipiga transfoma haiulizi gesi imetoka wapi.

Mimi ilinikuta ghalani, nikiwa na miezi minne kazini. Malori kutoka Tandahimba na Newala yamepanga foleni mpaka barabarani, karani wa mizani hawezi kutoa stakabadhi, na msimamizi wa ghala, mzee mpole sana siku nyingine, amesimama nyuma ya kiti changu anapumua tu. Nikaiamuru kanzidata, yaani programu inayotunza data zote za mzigo, ianze. Ikakataa. Nikaamuru tena. Mara ya tatu nikabonyeza kitufe nikazima mashine nzima. Fundi mkubwa alipofika alisoma logi, faili ambamo mashine huandika matukio yake, kama dakika mbili, akaniambia: "Mdogo wangu, hii ilikuwa inajitibu, wewe ukawa unaichomoa dripu."

Sikumwelewa siku ile. Sisi pale tulikuwa na kanzidata iitwayo PostgreSQL. Hiyo, kabla ya kubadilisha faili zake kubwa, huandika kwanza kila badiliko kwenye kumbukumbu ya pembeni, inayokaa kwenye folda ya pg_wal. Ikizimwa ghafla, ikiwaka hurudi kwenye kumbukumbu hiyo, ikasoma kuanzia mahali ilipohakikisha mara ya mwisho kwamba kila kitu kimefika kwenye diski, na kurudia kazi zote zilizofuata. Zikiwa nyingi, hilo huchukua dakika kadhaa. Muda huo wote ukijaribu kuingia, inakujibu "the database system is starting up". Huko si kugoma, ni kukuomba subira. Kuna na mtego mwingine: systemd, programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma kama kanzidata, kwa kawaida huipa huduma sekunde 90 za kuanza, na kama aliyesimika seva hakurefusha muda huo, systemd yenyewe inaweza kuikatisha matibabu na wewe ukadhani imekufa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, soma. Andika systemctl status na jina la huduma, kisha journalctl inayoonyesha logi za mfumo, kisha fungua logi ya kanzidata yenyewe. Usiangalie mstari wa mwisho peke yake. Panda juu mpaka uone mstari wa kwanza wenye malalamiko, kwa sababu yale ya chini mara nyingi ni mwangwi wake.

Siku nyingine utakuta inalalamikia faili liitwalo postmaster.pid. Hilo ni kufuli: mstari wake wa kwanza una namba ya prosesi, yaani programu inayotembea, iliyokuwa ikiendesha kanzidata. Mashine ikifa ghafla kufuli hubaki, na mara nyingi PostgreSQL hulitambua kuwa ni la zamani ikaendelea. Lakini inatokea namba ile ile ikawa imepewa prosesi nyingine baada ya seva kuwaka, hapo inasita. Usikimbilie kufuta. Angalia kwa amri ya ps namba hiyo ni ya programu gani. Kama kweli kuna kanzidata nyingine inayotumia folda ile ile na wewe ukafuta kufuli ukawasha ya pili, zitaandikiana juu, na hapo ndipo data itaharibika kweli.

Diski iangalie mapema. df -h inaonyesha nafasi iliyobaki, df -i inaonyesha kama idadi ya faili imefika kikomo. Nimeshaona diski yenye nafasi tele ikikataa faili jipya kwa sababu hiyo ya pili. Na Linux ikikuta hitilafu kwenye diski, inaweza kuifunga ibaki ya kusomwa tu. Hapo usiendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha diski, juu ya diski inayotumika. Iondoe kwenye matumizi kwanza.

Ukikuta diski imejaa, utatamani kufuta "logi". Ndiyo maana toleo la 10 la PostgreSQL lililotoka 2017 lilibadilisha jina la folda ya pg_xlog kuwa pg_wal: watu waliona neno "log" wakafikiri ni takataka, wakafuta, wakajikuta wamefuta dawa ya kanzidata yao wenyewe.

Sababu nyingine ni ndogo ndogo: ulikopi faili ukiwa rut (root, mtumiaji mwenye mamlaka yote), sasa ni mali ya rut na kanzidata haiwezi kulisoma, au porti 5432, mlango wa mtandao unaotumiwa na PostgreSQL, imekaliwa na programu nyingine.

Mtandaoni utakuta wanaokushauri pg_resetwal, amri inayoifuta ile kumbukumbu ya pembeni, au kwa MySQL, kanzidata nyingine, innodb_force_recovery inayoilazimisha kuwaka. Zote ni visu vya mwisho. Zima huduma, nakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine, ndipo ufikirie. Ile ya MySQL ina ngazi 1 hadi 6. Anzia 1, na ujue kwamba kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja.

Na huyo mzee nyuma ya kiti? Usimwambie "dakika tano tu, mzee". Mwambie karani aandike kwa mkono kwenye daftari la nakala, malori yaendelee kushusha. Fundi mkubwa alifanya hivyo kwanza, kisha akaiacha kanzidata peke yake, akaagiza chai. Ilipofunguka, tulimwita karani na karatasi zake tukatafuta stakabadhi ya mwisho aliyoichapa kabla ya giza. Ilikuwemo. Iliyofuata, aliyokuwa bado hajabonyeza kuhifadhi, haikuwemo. Hiyo na zote za daftarini niliziingiza mimi usiku ule, karani akinisomea uzito gunia kwa gunia.