Masikio mazima, lakini maneno hayamfikii

Juzi mama mmoja wa Kasulu kaniandikia inboksi: "Dada, mwanangu namwita mpaka sauti inanikauka. Hospitali wanasema masikio mazima. Nimchape?" Usimchape, mama. Nisikilize mimi niliyeyapitia.

Wangu wa pili ndiye huyo. Mwambie, "Nenda sokoni Mwanga, chukua dagaa wa elfu mbili, ukirudi mpitie bibi akupe ungo," atarudi na ungo tu. Mwambie afungie bata, anakuuliza, "Nipate nini?" Mvua ikipiga bati ndiyo basi kabisa, anabaki kukutazama midomo. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu wake alisimama akasema sikio la kufa halisikii dawa. Watu wakacheka. Lile neno bado ninalo kifuani, sidanganyi.

Safari ya Mwanza naipitia juu juu: nauli, foleni, foleni tena. Kipimo cha usikivu kikatoka safi. Mtaalamu ndiye aliyenifungua macho: sikio linapokea sauti vizuri, ila ubongo unapata shida kuipambanua, hasa penye kelele. Si ukaidi, na si kwamba mtoto hana akili. Vipimo vya tatizo hili huaminika zaidi mtoto akifika miaka 7, na kwanza wahakikishe hana usaha au nta masikioni. Waangalie pia kama shida ni kutotulia, maana dalili zinafanana. Dawa ya kumeza hakuna, msiuziwe.

Nyumbani namgusa bega, akinitazama ndipo naongea. Redio nazima. Namtuma jambo moja moja, na anarudia nilichosema kabla hajatoka. Shuleni nilipambana akae dawati la mbele, mbali na dirisha la barabarani. Mwalimu mpya anaandika maagizo ubaoni, Mungu ambariki. Muhula huu katoka wa nne. Wa nne, mtoto yule yule waliyemcheka kikaoni!

Wazazi wenzangu wa Kigoma, fimbo tunaikimbilia mno. Mtoto anayejibu "eeh?" kila mara anaomba msaada, na wewe unamwongezea kofi. Acheni! Tena msingoje shule iwaambie.

Mama wa Kasulu, kaombe rufaa hospitali ya wilaya, wala usikubali kuambiwa atakua tu. Na huyo baba watoto anayesema ni kupoteza nauli, nitumie namba yake.