Kiuno Kinauma, Saikolojia Inahusika Vipi?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina umri wa miaka 52 na nimeumwa kiuno miaka minne sasa. Msimu wa korosho ukifika hujikaza nikaokota tangu alfajiri, kisha hulala siku tatu nisiweze hata kuinamia ndoo ya maji. Picha za eksirei hazikuonyesha tatizo kubwa, na sasa daktari ameniandikia nikaonane na mwanasaikolojia. Je, ameniona mwendawazimu, au anadhani najisingizia?
Mama wa Newala, Mtwara

JIBU: Hapana, mama yangu, ingawa nakiri kwamba neno "mwanasaikolojia" likitamkwa bila maelezo huweza kumchoma mgonjwa kuliko kiuno chenyewe. Maumivu yanayozidi miezi 3 huitwa sugu, na mara nyingi jeraha la awali huwa limekwisha kupona ilhali mishipa ya fahamu na ubongo vingali vinapiga king'ora. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo ishara za maumivu hupita mahali mfano wa lango, ambalo ubongo nao huweza kulifungua au kulibana. Maelezo yao yamerekebishwa tangu hapo, lakini hoja ya msingi imebaki: hofu na kukosa usingizi huzidisha maumivu ambayo ni ya kweli kabisa.

Kinachonisumbua katika barua yako ni huko kujikaza. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha wagonjwa wapumzike wanapotimiza kiasi cha kazi walichopangiwa, si pale maumivu yanapowashinda. Kwako, ikiwa dakika 20 za kuokota hazikuletei taabu kesho yake, anza na 15, kisha ukae chini ya mkorosho hata kama bado unajisikia una nguvu, na uongeze kidogo kila wiki. Ile hofu ya kuinama nayo hujaribiwa polepole: kwanza ndoo tupu, kisha yenye maji robo.

Matibabu haya ya kisaikolojia hayaondoi maumivu yote. Kwa wengi huyapunguza kidogo tu, ila huwarudishia shughuli zao. Usiache dawa bila kumwuliza daktari, na miguu ikilegea, ukipata ganzi sehemu za siri au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Utakapokwenda kwa mwanasaikolojia, chukua daftari ulilojaza kwa wiki mbili saa ulizookota, ulizolala na ulizoumwa. Atalihitaji kuliko eksirei.