Dhahabu ilifikaje ndani ya jiwe jeupe?

SWALI: Daktari, huku Tira, Busia, Uganda, wachimbaji wa dhahabu hufuata jiwe jeupe ndani ya mwamba. Dhahabu iliingiaje humo? Na binti yangu wa S.4 (kidato cha nne) anataka kusomea kazi yako ya jiolojia, elimu ya miamba. – Mama Busia

JIBU: Mama, asante sana. Swali lako ndilo kazi yangu yote.

Miamba ya Busia ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipokuwa chini sana ardhini, maji ya moto yenye salfa yalipita katika nyufa zake, yakibeba dhahabu iliyoyeyuka. Ufa ulipofunguka ghafla, shinikizo lilishuka. Mahali pengine salfa ilinaswa na chuma cha mwamba. Dhahabu ikakosa wa kuibeba, ikatua pamoja na kwatzi, hilo jiwe jeupe.

Tunajuaje? Ninakata kipande chembamba cha kwatzi, kinapitisha mwanga, nakiweka chini ya hadubini. Ndani kuna matone ya maji yaleyale ya kale, kila moja na kiputo chake. Napasha moto polepole. Kiputo kinapotoweka, nasoma nyuzi joto, nazo zinanionyesha maji yale yalivyokuwa moto. Mara nyingi ni mamia. Kila nikikiona kikitoweka moyo hunidunda, hadi leo!

Binti akazanie fizikia, kemia na hisabati S.5 na S.6, jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Makerere. Na tafadhali, mama, asikae karibu na wachimbaji wanaochoma zebaki ili kupata dhahabu. Moshi wake huharibu ubongo.