Usitume hiyo arubuni mpaka jiwe lifunguliwe dirisha

Wewe wa Mikindani uliyeanzisha uzi, weka hiyo simu chini kwanza. Umeuliza kama kilo nne za "kimondo kilichoanguka Kinango" kwa laki moja na ishirini ni bei ya haki, na unasema muuzaji anataka arubuni ya elfu thelathini kabla ya saa mbili usiku kwa sababu kuna mnunuzi wa Dubai yuko njiani. Usitume hata shilingi. Huyo mnunuzi wa Dubai namjua. Wakati wangu pia alikuwa njiani, na nadhani yuko njiani mpaka leo, maskini, safari yake ndefu.

Umeandika jiwe ni jeusi, zito, sumaku inanasa, na cheti kipo. Langu nalo lilikuwa jeusi, zito, sumaku ilinasa, na cheti kilikuwepo, tena chenye muhuri. Leo linazuia mlango wa karakana yangu usipigwe na kusi, na kwa pesa niliyotoa hakuna mlango Pwani nzima unaozuiwa kwa heshima kama ule.

Pesa yenyewe ilikuwa ya injini ya tuktuk. Nitaacha hapo, maana mke wangu pia anasoma humu.

Dalali alinifuata Mwembe Tayari, mtu mzima, kanzu safi, maneno matamu. Jiwe alilifunga ndani ya leso, leso ndani ya gunia, gunia ndani ya boksi la televisheni. Akatoa sumaku ya spika mbovu, akaisogeza, ikajibandika tap! Moyo wangu nao ukajibandika hapo hapo. Nikamwambia, "Mzee, niruhusu nilikwaruze pembeni kidogo." Akashika kichwa. "Mwanangu, usifanye hivyo! Ukilitia msasa, thamani yote imekwenda. Wazungu wanalitaka na ngozi yake."

Na hapo ndipo aliponipata, kwa sababu uongo wake ulikuwa na nusu ya ukweli. Ni kweli wakusanyaji wanathamini ile ngozi nyeusi inayoungua kimondo kikipita angani. Lakini ngozi hiyo ni nyembamba kama ganda la yai, mara nyingi haifiki milimita mbili, na mawe mengi yana pembe iliyokwisha kumeguka ambapo ngozi haipo tena. Ukisaga hapo hupotezi kitu. Wauzaji wa haki duniani kote husaga wenyewe sehemu ndogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, wakaipiga picha na kuiweka kwenye tangazo. Hilo ndilo dirisha. Muuzaji anayekataa dirisha anajua kilichomo ndani, au anaogopa kujua.

Basi nikalipa bila kulifungua. Nikaandikia mkusanyaji mmoja wa nje nikimpa bei ya kutajirika, akanijibu kwa sentensi moja: nionyeshe ndani. Nilikasirika, wallahi! Nikamwona mjuaji. Nikakaa na jiwe langu kabatini nikilifuta vumbi, nikijiambia kwamba yeye ndiye anayetaka kuninyang'anya kwa bei ya chini.

Mwishowe nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Majengo. Akafunga diski ya kukatia mawe, mwanafunzi wake akawa anamwaga maji kwa kopo la maziwa. Chuma hai kikiguswa na diski hutoa cheche. Hili halikutoa hata moja. Lilitoa tope lililotiririka mpaka kwenye kandambili zangu. Fundi akazima mashine, akaosha ule mkato, akauinua juani. Kijivu cheusi kitupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna punje ya chuma inayong'aa, hakuna vile viduara vidogo vilivyomo ndani ya vimondo vingi vya mawe, hakuna chochote. Akaliburuza nyuma ya kipande cha kigae, ule upande usio na mng'aro, likaacha mstari wa hudhurungi kama mtu aliyeandika kwa tofali, alama ya madini ya chuma. Akanitazama kwa huruma. "Bosi, haya si mawe ya Kishushe? Nimeyabeba sana haya kwenye lori."

Kishushe! Taita Taveta! Mawe ya madini ya chuma ambayo watu huyapakia kwa tani. Mimi nimenunua moja, kwa rejareja, likiwa limefungwa leso.

Sasa niwaseme walionipotosha, na wasinune. Wa kwanza ni yule wa kwenye video, mwenye kofia pana, anayetembea jangwani na fimbo yenye sumaku: "Ikinasa, umepata!" Mwenzangu, wewe uko Sahara juu ya mchanga mtupu. Pale jiwe jeusi lina maelezo machache sana. Hata vile vipande vya kimondo cha Sericho, Isiolo, vilivyotambuliwa mwaka 2016, ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao walivishuku kwa sababu eneo lile halina mawe. Sisi huku tuna madini ya chuma Taita, tuna mavi ya chuma kutoka kwenye viwanda vya kuyeyusha, tuna kila aina ya vyuma vilivyozikwa bandarini tangu enzi za Mwingereza. Sumaku inanasa vyote. Sumaku inaweza kukwambia jiwe la kutupa. La kununua haiwezi kukwambia. (Na zile sumaku kali ndogondogo msizibandike ovyo kwenye jiwe msilolijua: likiwa kimondo kweli, mnafuta alama za usumaku wa zamani ambazo watafiti huzitafuta ndani yake.)

Wa pili ni aliyeandika kile cheti. Kinasema "chuma asilimia 64," muhuri, saini, nami nikakenua meno yote. Hiyo asilimia ndiyo ilipaswa kuniamsha! Ni hesabu ya madini mazuri ya chuma. Kimondo cha chuma hutafutiwa nikeli, kwa kawaida asilimia 5 kwenda juu, na kwenye cheti changu mstari wa nikeli haukuwepo kabisa. Maabara haikudanganya, ilipima ilichoambiwa ipime. Kwa hiyo chako kitazame: kama nikeli haimo, umepewa risiti ya jiwe la Kishushe.

Wa tatu ni nyinyi humu ndani mlioniandikia "chukua haraka kabla hakijaondoka." Majina ninayo.

Hadithi ya Kinango nayo. Ati kilianguka usiku, nyasi zikaungua, wakakiokota asubuhi kingali cha moto? Vimondo vidogo huzimika vikiwa bado kilomita nyingi juu, vikamalizia safari gizani vikishuka kama jiwe lolote lililodondoshwa. Haviwashi nyasi. Na kimondo kikianguka kweli karibu na watu, mara nyingi hakikosi mashahidi. Kile cha Thika, tarehe 16 Julai 2011, kilisikika kwa kishindo mchana, vipande vikaokotwa, kikapimwa, na leo kimo kwenye orodha ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha watafiti wa vimondo, kama kondraiti ya aina ya L6, yaani kimondo cha mawe cha kawaida. Orodha hiyo ni bure mtandaoni, andika jina utaliona. Jiwe jipya ili liingie humo, lazima gramu 20 ziachwe kwenye taasisi, au asilimia 20 ya jiwe kama ni dogo. Muulize mtu wako zile gramu ziko wapi. Ila tangu ile pete ya roketi idondoke Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, kila chuma kizito nchi hii kimeshuka kutoka mbinguni.

Haya, dirisha. Msasa wa maji au kinoo, maji, pembe iliyomeguka, na subira. Saga mpaka upate sehemu bapa. Ukiona punje za chuma zinazometa zimetawanyika kwenye kijivu, na viduara vidogo katikati, keti tuzungumze, hiyo inafanana na kondraiti. Ukiona matundu ya mapovu, mara nyingi ni mavi ya chuma, hata kama kuna vitone vya chuma ndani. Hayo yamewadanganya wengi. Ukiona kitu kama langu, karibu kwenye chama cha wazuia milango. Vipo vimondo visivyo na punje za chuma, najua, kuna mtu ataruka hapa kunisahihisha. Hivyo havinunuliwi kwa dalali mwenye boksi la televisheni, vinanunuliwa na karatasi za uainishaji mkononi.

Na hata kikiwa cha kweli, kondraiti ya kawaida ya Sahara isiyoainishwa huuzwa hata chini ya dola moja kwa gramu. Kwa hiyo bei unayotajiwa haikunishtua. Kilichonishtua ni arubuni kabla ya kuona ndani.

Uliuliza pia kuhusu kibali cha kusafirisha, na vitabu, na kitu kingine nimeshasahau. Wapo wanaojua. Kuhifadhi nitasema moja: hewa yetu ya chumvi haina huruma. Kipande changu cha Sericho, hiki nilinunua kwa njia ya haki, kilianza kutokwa na jasho la kahawia kando ya fuwele za manjano zilizomo ndani ya chuma chake kwa sababu nilikiweka dirishani kipendeze. Sasa kinakaa kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mwambie mwenye jiwe alilete kesho mchana, nawe uje na msasa. Akikubali, saga mbele yake, lowesha, piga picha juani bila flashi, weka sarafu ya shilingi kumi pembeni, uiweke hapa tuione. Akisema Dubai hawezi kungoja mpaka kesho, mtakie safari njema.